Funga Mlango wa 143

Ofisi ndogo haihitaji mitambo ya kutisha ili itunze barua pepe zake yenyewe. Seva ya kukodi yenye Debian 12, domeni, na programu ya Dovecot, basi. Dovecot ni ya Timo Sirainen wa Finland, ilitoka mara ya kwanza mwaka 2002, na kazi yake kuu ni kumfikishia mtu barua zilizokwisha kuingia kwenye seva. Kupokea barua kutoka nje ni kazi ya Postfix, ambayo hapa nachukulia unayo tayari na inafanya kazi.

Kwanza amua itifaki. POP3 hushusha barua kwenye kompyuta na kwa kawaida huifuta kwenye seva. IMAP huiacha palepale, simu na kompyuta zikasoma sanduku lilelile. Mtu anayesoma barua kwenye simu ndani ya daladala na kuijibu akifika ofisini atakulaumu ukimpa POP3. Sakinisha IMAP peke yake:

apt install dovecot-imapd

Mipangilio imo kwenye folda ya /etc/dovecot/conf.d. Fungua 10-mail.conf. Debian huanza na mbox, yaani barua zote za mtu hurundikwa katika faili moja chini ya /var/mail. Badili iwe Maildir, kila barua na faili lake:

mail_location = maildir:~/Maildir

Postfix nayo iambiwe hivyo hivyo:

postconf -e 'home_mailbox = Maildir/'

Mkwaju wa mwisho si pambo. Ukiusahau, Postfix itaandika mtindo wa mbox, na programu mbili zitakuwa zinatazama vitu viwili tofauti. (Mistari ya hapa ni ya Dovecot 2.3, toleo la 2.4 limebadilisha majina ya mipangilio mingi, kwa hiyo angalia toleo lako kabla ya kunakili.)

Sasa cheti. Let's Encrypt hutoa bure kupitia certbot. Ukishakipata, andika haya kwenye 10-ssl.conf, ukiweka jina la seva yako mahali pa mail.example.com:

ssl = required
ssl_cert = </etc/letsencrypt/live/mail.example.com/fullchain.pem
ssl_key = </etc/letsencrypt/live/mail.example.com/privkey.pem
ssl_min_protocol = TLSv1.2

Alama ya < inaiambia Dovecot isome kilichomo ndani ya faili. Bila hiyo, itadhani anwani ya faili ndiyo cheti chenyewe.

Hapa wengi huishia, na hapa ndipo ninapobishana nao. IMAP ina milango miwili: 993, ambako usiri huanza kabla ya neno lolote kusemwa, na 143, ambako mazungumzo huanza wazi kisha ndipo pande zote mbili zikubaliane kujificha kwa amri ya STARTTLS. Utaambiwa kwamba ssl = required inatosha, maana seva itakataa nywila isiyofichwa. Ni kweli itaikataa, lakini baada ya kuipokea. Programu iliyopangwa ovyo kwenye simu ya mtu inaweza kuituma hivyo hivyo, na aliyekaa kwenye Wi-Fi ya hoteli akisikiliza ameshaipata. Jibu la hapana la seva halimwondolei kitu. Kwa hiyo fungua 10-master.conf, tafuta inet_listener imap, na ndani yake andika:

port = 0

Kwenye fayawoli ruhusu 993, pamoja na milango unayoitumia kwa SSH, kutuma na kupokea barua. Wa 80 uache pia ikiwa certbot inauhitaji. Ruhusu SSH kabla ya kuwasha fayawoli, usije ukajifungia nje.

Watumiaji wa barua tu wasipewe uwezo wa kuingia kwenye mashine:

adduser --shell /usr/sbin/nologin asha

Wajaribu-nywila watakuja tu. Sakinisha fail2ban, uwashe kifungu chake cha dovecot kwenye jail.local.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kwamba cheti cha Let's Encrypt huishi siku 90. Certbot kwa kawaida hukihuisha zikibaki siku 30 hivi, kimyakimya, lakini Dovecot inaendelea kutoa kile cha zamani ilichokwisha kukisoma. Mwezi mzima unapita bila tatizo, kisha asubuhi moja simu zote zinalalamika kwamba cheti kimekwisha, ilhali wewe ukitazama faili unaona kipya. Weka hati fupi ndani ya /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy, iliyoruhusiwa kutekelezwa, yenye mistari hii:

#!/bin/sh
systemctl reload dovecot

Kabla ya kuanzisha upya, doveconf -n itakuonyesha ulichobadilisha na kulalamikia ulipokosea. Kisha systemctl restart dovecot. Jaribu kutoka kompyuta nyingine, si kwenye seva yenyewe, kwa sababu Dovecot huiamini mashine iliyomo:

openssl s_client -connect mail.example.com:993

Mstari wa mwisho ukianza na * OK, imekubali. Mlango wa 143 ukiugonga kutoka hukohuko, usipate jibu. Kwenye simu za wafanyakazi chagua SSL/TLS na 993. Anayechagua STARTTLS hatapata barua, na hilo ndilo tulilokusudia.