Shilingi Moja, Watoto Watatu



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, yaani senti walizopata watoto zamani, na mapatano waliyofanya kaka na dada juu ya senti hizo. Tumelichagua kwa sababu sisi wazee huitwa mara kwa mara kwenye vikao vya ukoo, na humo tunakuta ndugu wa tumbo moja, watu wenye wajukuu, hawasalimiani kwa ajili ya mikorosho michache ya marehemu baba. Ukiwasikiliza kwa makini utagundua kwamba ugomvi haukuanza siku ya arobaini. Mara nyingi ulianza wakiwa wadogo, mmoja alipopunjwa na hakuna mkubwa aliyeuliza.

1. Senti zenyewe

Sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulishika sarafu za aina mbili. Zile za zamani za Afrika Mashariki, senti 5 na senti 10, zilikuwa na tundu katikati, hata ukaweza kuzitunga kwenye uzi. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutoa fedha zetu wenyewe, zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja. Upande wa pili senti 5 ilikuwa na samaki, senti 20 ilikuwa na mbuni, na senti 50, tuliyoiita sumuni, ilikuwa na sungura. Shilingi ilikuwa na mkono ulioshika mwenge.

Wengi wetu hatukupewa senti kila juma. Zilikuja kwa majira yake. Huku kwetu kusini zilikuja wakati wa korosho, pale wazazi walipotuachia mti mmoja tuuokotee wenyewe. Zilikuja Krismasi na Pasaka, au mjomba aliporudi kutoka mashamba ya mkonge. Tena aghalabu hazikuja kwa kila mtoto peke yake. Mkubwa alitoa shilingi moja, akaiweka katika kiganja cha yule mkubwa wetu, akasema, "Haya, gawaneni." Kisha akaenda zake.

2. Hesabu isiyogawanyika

Katika chuo cha ualimu tuliwahi kuwapa wanachuo hesabu hii: shilingi moja, watoto watatu, na sarafu zilizopo ni senti 5, 20 na 50. Kila mmoja apate ngapi? Walipiga hesabu, wakakwama. Kila mtoto akipata senti 30, zinabaki senti 10, yaani vipande viwili vya senti 5. Wawili watapata, na wa tatu atabaki anatazama.

Watoto wa zamani walikutana na hesabu hiyo kabla hawajafika darasa la tatu, na walikuwa na njia zao. Wengine walikubaliana zamu: leo wewe na mimi tunachukua kipande, safari ijayo yeye atachukua kwanza. Wengine walinunua karanga kwa ile senti 10 ya mwisho, wakazihesabu moja moja juu ya mkeka. Njia iliyo bora kupita zote ni hii: anayegawa mafungu ndiye anayechagua mwisho. Mtoto aliyejua kwamba fungu lake ni lile watakalomwachia wenzake aligawa kwa uangalifu kuliko karani wa mizani.

Dada mkubwa ndiye aliyekuwa benki. Alizifunga senti katika pindo la kanga, akakumbuka za nani ni ngapi. Hakuwa na daftari. Alikuwa na jina lake jema tu, na siku akikosea hesabu mara mbili, wadogo zake walimhamia mwingine.

3. Mbuni na sungura

Lakini tusisifu yote. Sarafu ya senti 20 ilikuwa pana na ya rangi ya manjano. Sumuni ilikuwa ndogo zaidi na nyeupe. Basi kaka mjanja alimwendea mdogo wake wa miaka minne mwenye sumuni, akamwambia, "Mdogo wangu, yako ni ndogo. Ona yangu ilivyo kubwa. Na mbuni si mkubwa kuliko sungura? Tubadilishane." Mtoto alibadilisha huku akicheka, na akaondoka amepoteza senti 30.

Je, hayo yalikuwa mapatano? Wote wawili walikubali. Hakuna aliyepigwa. Hata hivyo tunajua moyoni kwamba ni wizi, kwa sababu mmoja alijua na mwenzake hakujua.

Kuna na aina ya pili. Katika Mwanzo sura ya 25, Esau anarudi kutoka porini amechoka na ana njaa, na Yakobo anamtaka auze haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu. Esau alijua anachouza. Lakini njaa ndiyo iliyojibu badala yake. Nyumbani ilikuwa hivi: "Nitakugawia muhogo wangu ukinipa senti zako zote." Au mvulana alimwambia dada yake, "Nichotee maji zamu yangu, nitakulipa senti 5," na maji yakachotwa mwezi mzima wala senti haikuonekana. Dada akinung'unika aliambiwa kwamba kuchota maji ni kazi ya wasichana. Msichana huyo ndiye leo anayeambiwa na kaka zake kwamba mwanamke hana fungu katika shamba la baba.

Basi tukumbuke mambo matatu yanayoharibu patano: mmoja kutojua, mmoja kuwa na njaa, na mmoja kutokuwa na wa kumsikiliza.

4. Sisi tufanye nini?

Siku hizi sarafu za senti hazitumiki, na fedha nyingi hupita katika simu bila mtoto kuiona. Tena wazazi wengi, wakiogopa kelele, humpa kila mtoto zake. Hivyo kuna amani, lakini hakuna kujifunza.

Kwanza, mara mojamoja wapeni watoto fedha moja ya kugawana, kiasi kisichogawanyika sawasawa. Pili, waacheni wapatane wenyewe, lakini msiondoke kama walivyoondoka wakubwa wetu. Kaeni karibu, na wakimaliza mwulizeni yule mdogo kuliko wote: "Umepata nini, na kwa nini umekubali?" Akishindwa kueleza, patano lile lifanywe upya. Tatu, ahadi ya mtoto kwa dada yake ilipwe kama deni la dukani.

Katika Luka 12 mtu mmoja alimwomba Yesu amwamuru ndugu yake amgawie urithi. Bwana alikataa kuwa mgawanyaji wao, akawaonya wajihadhari na choyo. Nasi wazee tungeitwa vikaoni mara chache zaidi kama onyo hilo lingeanza kufundishwa mapema, mezani, juu ya karanga.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

(a) Katika nyumba yenu, ni nani anayegawa, na ni nani anayechagua kwanza?

(b) Yuko mtoto ambaye siku zote hupata fungu la mwisho? Kwa nini?

(c) Je, kuna ndugu yako mtu mzima ambaye bado unamdai, au anayekudai? Mtaanza lini kuzungumza?