Volti zangu mbili zimekwenda wapi?

*Fundi, sola yangu ni ya volti 12. Taa na feni za chumba cha nyuma zikiwaka, betri inasoma 12.4, lakini huko nyuma napata 10.4 tu. Waya ni mpya. Nimeibiwa?*
*Msomaji, Marereni*

Hujaibiwa, volti hizo zimekaa kwenye kiungo kibovu. Hewa ya chumvi huko kwenu hula shaba, na kutu ile ya kijani kwenye skrubu ni ukinzani. Elektroni zikifika hapo hubanwa, kama maji kwenye mlango mwembamba wa bwawa la chumvi: upande wa kuingilia zinarundikana kidogo, wa kutokea zinapungua. Tofauti hiyo ndiyo inayozisukuma zipenye, na ndiyo volti inayosomwa na mita. Mkondo ukiwa ampea 3, wati 6 zinaishia kuwa joto hapo hapo.

Taa zikiwa zinawaka, gusisha ncha za mita pande mbili za kila kiungo. Kizima husoma karibu sifuri. Ukikipata kibovu, tenganisha betri, piga msasa shaba ing'ae, kaza, paka grisi.

Plastiki ikiwa imeyeyuka, au ni umeme wa volti 240, usiguse. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA.