Kompyuta ya gemu inayozimika ghafla

Swali: Kompyuta inazimika mchezo ukipamba moto, kisha Windows inaandika kosa la Kernel-Power 41. Kasoro iko wapi?

Jibu: Kosa hilo husema tu kwamba Windows iliwaka upya bila kuzimwa ipasavyo, chanzo halikitaji. Mshukiwa wa kwanza ni pawasaplai. Kadi ya michoro huvuta umeme kwa kushtukiza, ikapita kiwango chake cha kawaida kwa muda mfupi mno, na pawasaplai dhaifu hujikata. Kiunganishi cha pini 8 kimekusudiwa wati 150, hivyo kadi yenye viwili ipewe nyaya mbili, si waya mmoja wenye vichwa viwili. Kipimo cha uhakika ni kuazima pawasaplai nyingine yenye wati za kutosha. Ya zamani isifunguliwe: kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa.