SOMO LA WANACHAMA: KUFUATA MKUMBO NA KUTEGEANA

Saikolojia ya jamii ni elimu inayochunguza jinsi mwenendo wa mtu unavyobadilika awapo pamoja na wenzake. Inawahusu wanachama wetu wote, wawe wakulima wa mahindi na maharage huku juu Ufipa, au wavuvi wa Wampembe kule chini ziwani. Leo tutaangalia mambo mawili tu, maana ndiyo yanayovigharimu vyama zaidi.

La kwanza ni kufuata mkumbo. Mwaka 1951 mtaalamu Solomon Asch alitangaza matokeo ya majaribio aliyoyafanya Marekani. Vijana wa chuo waliketi pamoja, wakaonyeshwa mstari mmoja, kisha mistari mitatu, wakatakiwa kutamka ni upi kati ya hiyo mitatu ulio sawa kwa urefu na ule wa kwanza. Mtu akiwa peke yake hakosei ila kwa nadra sana. Lakini wote isipokuwa mmoja walikuwa wamepangwa kimbele watoe jibu la uongo. Yule asiyejua, akijibu karibu na mwisho, aliona kweli kwa macho yake na kusikia uongo kwa masikio yake. Takriban theluthi moja ya majibu ya watu wa namna hiyo yaliufuata uongo, na robo tatu yao walivutwa angalau mara moja. Walipoulizwa baadaye, wengine walisema walidhani macho yao yamewadanganya. Wengine waliijua kweli, ila hawakutaka kuonekana tofauti.

Sasa tuchukue mfano wa chama cha wavuvi kinachotaka mkopo wa mashine za boti. Mwenyekiti anasoma ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kitaruhusiwa kukopa kwa mwaka, kisha anauliza, "Ndugu wanachama, tumekubaliana?" Mikono ya safu ya mbele inanyanyuka, ya nyuma inafuata. Mzee aliyeketi karibu na mlango anakumbuka kwamba mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Angependa kuuliza marejesho yatatoka wapi ziwa likifungwa tena. Lakini akiwaona wenzake wametulia, anadhani yeye peke yake ndiye asiyeelewa, naye ananyanyua mkono. Hajui kwamba jirani yake anawaza hivyo hivyo. Deni hilo litakatwa katika mauzo ya wote wawili.

Asch aliona pia kwamba alipopatikana mwenzi mmoja tu wa kusema kweli, kuvutwa kulipungua hadi kama robo ya hapo awali. Kulipungua vilevile pale yule mmoja aliporuhusiwa kuandika jibu lake faraghani. Kwa hiyo yafaa katibu asome makisio polepole, na maoni ya wenye mashaka yaombwe kabla ya kura. Tena kura ya siri isiwekwe kwa ajili ya kuchagua viongozi tu. Suala la mkopo nalo laistahili. Mwenyekiti atakayeudhika kwa hilo atazoea.

La pili ni kutegeana. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliandika mwaka 1913 juu ya watu waliovutishwa kamba. Walipokuwa wanane, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu aliyoitoa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kutovuta kwa wakati mmoja, jambo ambalo wakokotao mtumbwi hulitibu kwa wimbo. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaaminisha kwamba wenzao wanavuta nyuma yao. Hapakuwa na mtu nyuma. Hata hivyo walilegeza mikono. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba ulegevu huo hupungua kazi ya kila mmoja inapoweza kutambulikana.

Azimio lisemalo "Kamati itakagua ghala" ni kamba ya watu wengi. Liandikwe nani atahesabu magunia, siku gani, na atatoa taarifa kwa nani. Kabla ya kikao kijacho, kila katibu afungue daftari la kumbukumbu, ahesabu maazimio ya mwaka huu yasiyo na jina la mtendaji wala tarehe, na awasomee wanachama idadi hiyo.