Tairi la Mbele Lisiondoke Barabarani

Kijitabu cha elimu kwa wanabodaboda, abiria na wenye mizigo wa Macalder na maeneo jirani ya Migori na Homa Bay

Kijitabu hiki ni cha nani?

Mgodi wa shaba na dhahabu wa Macalder ulifungwa miaka ya 1960, lakini uchimbaji haukukoma. Wachimbaji wadogo wa Nyatike bado huteremka mashimoni kutafuta dhahabu, na mawe wanayotoa lazima yafike kwenye vinu vya kusaga. Mengi husafirishwa kwa pikipiki. Pikipiki hizo hizo hubeba omena kutoka Sori na Muhuru Bay, mitungi ya maji, wanafunzi, na mama mjamzito anayekimbizwa hospitali usiku.

Hatari tunayoizungumzia hapa ni moja: tairi la mbele kuondoka barabarani. Mara nyingine hutokea bila mwendeshaji kutaka. Mara nyingine hufanywa makusudi ili watu waone, na vijana huita mchezo huo wili. Kwa pikipiki ya kazi, jambo hili huanza pale mzigo unapofungwa, kabla injini haijawashwa. Ndiyo maana kijitabu hiki kinamhusu mwendeshaji, na vilevile mpakiaji, mwenye mzigo na abiria.

Kwa nini tairi hunyanyuka

Tairi la mbele lina kazi mbili kubwa: kugeuza pikipiki na kusaidia kuisimamisha. Haliwezi kufanya hata moja bila uzito wa kulikandamiza chini. Uzito ukihamia nyuma, usukani huwa mwepesi mkononi, breki ya mbele hukosa mshiko, na mwisho tairi hupaa. Mambo manne huhamisha uzito huo.

*Mzigo ulio nyuma ya ekseli.* Kila mchimbaji anajua kazi ya mtaimbo: ukikandamiza ncha moja, ya pili huinuka na jiwe zito. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Mzigo ulio mbele ya ekseli hukandamiza tairi zote mbili. Ulio nyuma yake, kwenye keria iliyorefushwa na fundi, huinua upande wa mbele.

*Kimo cha mzigo.* Gunia lililowekwa juu ya gunia lingine huvuta pikipiki nyuma kwa nguvu zaidi mara tu inapopanda mlima au kuongeza mwendo.

*Mlima.* Pikipiki inapopanda, uzito hurudi nyuma hata kama mwendeshaji hajagusa mafuta.

*Mafuta na klachi.* Kuachilia klachi ghafla huku injini ikinguruma katika gia ya kwanza husukuma pikipiki mbele kabla mwili na mzigo havijafuata.

Hesabu ya magunia mawili

Huu ni mfano wa hesabu. Tuseme pikipiki ya cc 150 ina kilo 120 na mwendeshaji ana kilo 70. Umbali kati ya ekseli mbili ni karibu sentimita 128. Kwenye barabara tambarare, bila mzigo, tairi la mbele hubeba takriban kilo 89.

- Funga magunia mawili ya mawe, kila moja kilo 50, yakiwa sentimita 30 nyuma ya ekseli. Tairi la mbele linabaki na kilo 66.
- Anza kupanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 5. Zinabaki kilo 31.
- Ongeza mwendo kiasi cha kufika kilomita 20 kwa saa ndani ya sekunde 4. Zinabaki kilo 5.

Kilo 5 haziwezi kukugeuzia kona. Jiwe moja njiani, au wewe ukijivuta nyuma kidogo, na tairi liko hewani.

Sasa rudia safari hiyo ukiwa na gunia moja tu, mahali pale pale. Mlimani, wakati unaongeza mwendo, tairi la mbele linabaki na karibu kilo 30. Umepunguza nusu ya mzigo, lakini uzito unaokuwezesha kugeuza umeongezeka karibu mara sita.

Mizigo ya hapa kwetu

*Mawe ya dhahabu.* Jicho hudanganywa na ukubwa wa gunia. Debe la mahindi la lita 20 huwa na karibu kilo 15 hadi 18. Debe hilo hilo likijazwa mawe yaliyopondwa huzidi kilo 30. Gunia la mawe lililojaa nusu linaweza kuwa zito kuliko gunia la mahindi lililojaa pomoni. Pima kwa mizani, usipime kwa macho.

*Maji.* Mtungi wa lita 20 una kilo 20. Minne ni kilo 80. Ining'inize pande zote mbili, chini, karibu na ekseli. Jaza pomoni kila mtungi unaoupakia, kwa sababu maji ya nusu mtungi hukimbilia nyuma mlimani na kuvuta pikipiki nayo.

*Omena kavu.* Ni nyepesi lakini gunia lake ni pana na refu. Hatari yake ni kimo na upepo wa ziwani. Usiweke gunia la pili juu ya la kwanza.

*Abiria.* Anayeshika keria kwa nyuma hujikuta amelalia nyuma kila pikipiki inapoondoka. Akae karibu na mwendeshaji na amshike yeye. Mtu wa pili akikalia keria, amekaa mahali pale pale pa magunia yetu ya mawe.

Likinyanyuka bila kutaka

Kinachowaumiza wengi ni mkono wao wenyewe. Pikipiki inapoinuka, mwili huteleza nyuma, mkono wa kulia hujivuta pamoja na mshikio, na mafuta huongezeka wakati yalipaswa kupungua. Zoea hatua hizi mpaka zije zenyewe:

1. Rudisha mafuta. Yafunge kwa utaratibu, kwa sababu kuyakata ghafla huliangusha tairi kwa kishindo.
2. Kanyaga breki ya nyuma taratibu. Breki hiyo hushusha upande wa mbele. Usitegemee ya mbele, kwa maana tairi lililo hewani halina cha kushika.
3. Shikilia usukani ukiwa umenyooka. Tairi likigusa chini likiwa limepinda, pikipiki huruka upande na kuanza kutikisika.
4. Peleka kifua mbele, magoti yabane tangi.
5. Ukishasimama mlimani, ishikilie kwa breki ya nyuma, mshushe abiria, kisha upunguze mzigo. Breki ya mbele peke yake inaweza kuteleza, kwa kuwa tairi la mbele halina uzito.

Kuondoka mlimani ukiwa na mzigo, shikilia breki ya nyuma, tia gia ya kwanza, achilia klachi polepole mpaka uhisi injini inavuta, kisha achilia breki. Ikiwa huwezi kuondoka bila kuivurumisha injini, mzigo umezidi. Fanya safari mbili.

Wakati wa mvua za masika udongo mweusi wa Nyatike hunata kwenye tairi. Tairi la nyuma huzunguka bure, kisha hupata mshiko ghafla likigusa mahali pakavu, na hapo ndipo mbele huruka. Ukihisi linazunguka bure, punguza mafuta. Usiyaongeze.

Wanaoinua makusudi

Katika misafara ya kupeleka mwili nyumbani, pikipiki hutangulia gari la maiti, honi zikilia na matawi yakipeperushwa. Kumsindikiza marehemu kwa kishindo ni heshima ya tangu zamani katika jamii ya Waluo. Msimu wa kampeni nao una misafara yake, na mechi za mpira vivyo hivyo. Humo ndimo tairi huinuliwa mbele ya macho ya watu, katikati ya waendeshaji wengine walio sentimita chache pembeni, pengine abiria akiwa amebebwa nyuma.

Tofauti na kunyanyuka kwa bahati mbaya, hapa mwendeshaji anatafuta pembe ambayo pikipiki husimama kwa mizani juu ya tairi la nyuma. Akiipita pembe hiyo kidogo tu, pikipiki humwangukia kwa nyuma, na wa kwanza kugonga lami ni abiria. Tairi likiwa juu, mwendeshaji haoni vizuri mbele yake, hawezi kukwepa mtoto anayevuka, na breki aliyonayo ni moja.

Pikipiki yenyewe huumia pia. Kishindo cha kushuka hupinda rimu, hulegeza spoki, huharibu sili za shoki za mbele na kula beringi za shingo. Injini ikikaa imeelekea juu kwa muda, oili hukimbilia nyuma na pampu inaweza kunyonya hewa. Mwenye kulipia pikipiki kwa mkopo hulipa vyote hivyo juu ya marejesho ya kila siku.

Viongozi wa steji wanaweza kuubakisha msafara na kuuondoa mchezo. Wachague mwendeshaji mmoja wa kutangulia ambaye hakuna anayeruhusiwa kumpita. Mistari iwe miwili, mwendo uwe ule wa gari la maiti, na pikipiki zenye abiria zikae nyuma. Aliyekunywa pombe asindikize akiwa ndani ya gari. Familia ya marehemu ikitamka masharti haya kabla mwili haujatoka mochari, nani atawabishia wafiwa?

Pikipiki ndefu za safari, na zile za umeme

Wasafiri wanaopita barabara ya A1 kuelekea Isebania huonekana mara moja moja na pikipiki kubwa zenye kiti cha chini na mwili mrefu, mtindo uliojulikana duniani kupitia Harley-Davidson. Ufupi wa kimo na urefu wa kati ya ekseli hufanya tairi la mbele liwe gumu kuinuka. Hata hivyo injini zake zina nguvu nyingi tangu mzunguko wa chini, na kiti cha abiria kiko karibu juu ya ekseli ya nyuma. Mlimani, na abiria na mikoba nyuma, klachi ikiachiliwa vibaya linaweza kuinuka. Likishuka, linashuka na uzito ambao si rahisi kuuzuia.

Pikipiki za umeme nazo zimeingia nchini. Mota ya umeme hutoa nguvu yake kubwa tangu pikipiki ikiwa imesimama, na nyingi hazina klachi ya kuikata. Anayehama kutoka petroli aanze bila mzigo, mahali tambarare, mpaka mkono uzoee.

Sheria inasema nini

Sheria ya Trafiki ya Kenya, sura ya 403, inaruhusu pikipiki kubeba mwendeshaji na abiria mmoja. Wote wawili wanatakiwa kuvaa helmeti na jaketi lenye kuakisi mwanga. Kuinua tairi makusudi barabarani kunaweza kushtakiwa kama uendeshaji wa kizembe au wa hatari. Kosa la kwanza la aina hiyo linaweza kuleta faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miaka 2. Mtu akifa, kifungo kinaweza kufika miaka 10.

Helmeti si ya kumridhisha askari. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi umeonyesha kwamba helmeti iliyovaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Isiyofungwa kidevuni inaweza kutoka kabla kichwa hakijagonga chini.

Ajali ikitokea

- Zuieni magari pande zote mbili kwanza, kisha mzime injini.
- Msimnyanyue majeruhi kumkalisha, wala msimkunje juu ya pikipiki nyingine. Aliyeanguka kwa mgongo anaweza kuwa amevunjika shingo.
- Msimvue helmeti ikiwa anapumua vizuri.
- Damu inayotoka kwa nguvu ikandamizeni kwa kitambaa safi bila kuachilia.
- Pigeni 999 au 112. Akilazimika kusafirishwa, awe amelala kwenye ubao, ndani ya gari, kichwa kikishikiliwa. Hospitali za karibu ni ya Macalder, ya misheni ya St. Camillus huko Karungu, na ya rufaa ya Kaunti ya Migori.

Maswali ya steji

*Mwenye mawe anataka magunia mawili kwa safari moja, la sivyo ampe mwingine kazi. Nifanyeje?* Hili haliwezi kutatuliwa na mtu mmoja. Steji nzima ikikubaliana kiwango kimoja na bei kwa kila gunia badala ya kila safari, mwenye mzigo hana pa kukimbilia, naye mwendeshaji hapotezi chochote kwa kurudi mara ya pili.

*Nikimkalisha mtu juu ya tangi ili kusawazisha mzigo wa nyuma?* Hapana. Atazuia usukani usigeuke na atakuziba macho. Punguza mzigo.

*Fundi anaweza kunirefushia keria?* Kila sentimita inayoongezwa nyuma ya ekseli huongeza nguvu ya kuinua mbele. Mwambie aishushe na kuisogeza mbele.

Kabla ya kuondoka steji

1. Mzigo umepimwa, na haupiti kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha pikipiki yako.
2. Kilicho kizito kiko chini na mbele, karibu na kiti.
3. Kamba zimekazwa. Sukuma mzigo kwa mkono: usiteleze nyuma.
4. Upepo wa tairi zote mbili umeangaliwa.
5. Simama wima, geuza usukani kushoto na kulia. Ukiwa mwepesi kuliko kawaida, fungua mzigo upange upya.
6. Helmeti mbili, zote zimefungwa.
7. Abiria ameelezwa mahali pa kushika, na kwamba mlimani ainame mbele.