Kutoa: Mtoto Afungue Fungu Kwanza

Siku moja tulifika nyumbani kwa mama mmoja, mwanakisomo mwenzetu. Asubuhi alikuwa amemwachia mwanawe wa darasa la pili mayai 42 ayauze. Mtoto aliuza 17, kisha akaandika kwenye daftari:

42 - 17 = 35

Mama akahesabu mayai kapuni. Yapo 25 tu! "Mayai kumi yako wapi? Umeyala?" Na fimbo ilikuwa karibu.

Tukamwomba mama angoje kidogo. Tukamwuliza mtoto amefanyaje. Akasema, "Mbili toa saba haitoki, nikageuza. Saba toa mbili, tano. Nne toa moja, tatu."

Basi, mtoto hakuiba. Aligeuza hesabu. Watoto wengi hukosea hivyo, na tuseme kweli, hata sisi wakubwa tulipokuwa kisomoni wengine tulikosea hivyo hivyo.

Dawa yake ni njiti. Kata njiti 42 za mabua. Funga mafungu manne ya kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Mbili zibaki peke yake. Sasa mwambie mtoto: "Nipe 17." Aanze na zile saba. Ataona anazo mbili tu. Mwulize, "Nyingine utazipata wapi?" Halafu nyamaza. Usimharakishe, wala usimfungulie wewe. Mwache ayatazame mafungu mpaka afungue moja kwa mkono wake.

Akifungua, anayo mafungu matatu na njiti 12. Akupe saba, zinabaki tano. Akupe na fungu moja, yanabaki mawili. Jumla 25. Ndipo aandike. Ataelewa kwa nini ile 4 huwa 3, na ile 2 huwa 12.

Kisha ajihakiki mwenyewe: 25 jumlisha 17 ni 42. Kama haifiki 42, arudie.

Kwa mdogo ambaye hajaanza shule, vizibo vitano vya soda vinatosha. Funika viwili kwa kibuyu, umwulize vimefichwa vingapi.

Yule mama aliweka fimbo chini, akaenda mwenyewe kutafuta mabua. Nanyi jaribuni na watoto leo jioni:

31 - 14
50 - 26

Hiyo ya pili muitazame sana. Hamsini haina njiti hata moja iliyo peke yake. Hapo mtaona kama mtoto ameelewa au ameigiza tu.