TAAZIA YA ALIYEFIWA NA MTOTO

Jua, ewe ndugu Mwislamu, ya kuwa kumpa taazia aliyefiwa ni sunna, ijapokuwa maiti ni mtoto mchanga. Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 wa Hijra, alitokwa na machozi, basi mzazi aliaye asikemewe, wala asiambiwe, "Utapata mwingine." Kilichokatazwa ni mayowe na kurarua nguo.

Na Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muuta, mwaka wa 8, Mtume aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula. Kwa hiyo maulamaa wa Kishafii wamesema: kupika ni juu ya majirani, na mfiwa kuwapikia waliokusanyika ni makuruhu.

Haja ya hukumu hii ilidhihiri Ukerewe, ambako Nansio ndio mji mkuu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 200, na watoto miongoni mwao. Mzazi wa msiba kama huo akingojewa wali wa matanga, huongezewa deni juu ya huzuni.

Basi aendaye kutoa pole achukue ugali na samaki, achote maji, amwombee mfiwa subira.

Wallahu aalam.